Msalaba Kwenye Bamba la Shaba

Wa kwanza kuigusa ile mashine alikuwa Veerle. Hilo analishikilia mpaka leo, Wannes analikana mpaka leo, na sisi tunaowafahamu wote wawili tumekwishajifunza kunyamaza.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, katika soko la mitumba la Sint-Jacobs, hapa Ghent. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na wauzaji walikuwa wakimwaga maji yaliyotuama juu ya maturubai. Watu walisongamana kati ya sahani za maua, taa zilizokufa na makoti ya manyoya ya mabibi waliokwisha kuzikwa. Katikati ya vurugu hiyo ilisimama mashine ya kukamulia nguo ya enzi za bibi zetu: fremu ya chuma, magogo mawili ya mbao yanayobanana, na gurudumu kubwa la kuzungushia. Mkono wa kiume wenye grisi kwenye kucha ulilishika gurudumu. Mkono wa kike wenye wino kwenye kucha ulikuwa umeshika fremu.

"Samahani dada, hii nimeshaichukua."

"Umeichukua kwenda wapi? Mbona bado iko hapa?"

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, ndevu nyekundu, ovaroli ya bluu iliyopauka magotini na kofia ya sufu iliyokaa upande. Mwanamke alivaa koti la mvua la manjano lililofika magotini, buti za kiume, na nywele zake za kahawia alikuwa amezikusanya utosini na kuzichomeka penseli.

"Una nguo nyingi sana za kukamua?" akauliza yule bwana.

"Sina nguo. Nataka kuchapia picha. Ukitoa haya magogo ukaweka vyuma, inakuwa mashine ya kuchapa. Wanafunzi wangu wana mashine moja tu, wanapanga foleni mpaka wengine wanasinzia."

"Mimi nataka meno yake."

"Meno?"

"Haya magurudumu yenye meno. Mimi fundi baiskeli."

"Yaani uichinje mashine nzima kwa ajili ya meno? Huna hata haya!"

"Nyie," akasema mwenye meza, mama mmoja mnene aliyekuwa akinywa supu, "toeni pesa au toeni mikono."

Akalipa Wannes, kwa sababu Veerle alikuwa bado anatafuta pochi katika mifuko minane ya lile koti. Alipoinua macho na kukuta mashine imeshapata mwenyewe, uso wake ulinywea kabisa. Wannes akajiona amekosa.

"Basi sikiliza," akasema. "Vyuma ninavyo dukani. Nitaitengeneza mimi. Ikiwa tayari utakuja kuniambia kama inachapa. Ikigoma, nachukua meno yangu."

"Na ikikubali?"

"Utaninunulia viazi vya kukaanga, na mchuzi wa nyama juu yake."

Veerle akachomoa penseli kichwani ili aandike namba ya simu kwenye mfuko wa karatasi. Nywele zikamporomokea mabegani, na Wannes akasahau kabisa kwamba mashine ile ilikuwa na meno.

Sasa niwaeleze huyu Veerle ni nani. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kazi yake ilikuwa kuchapa picha kwa mabamba ya shaba. Unachora kwenye bamba kwa sindano ya chuma, unalipaka wino, unalifuta kwa shashi mpaka wino ubaki kwenye michirizi tu, kisha unalipitisha kwenye mashine pamoja na karatasi iliyoloweshwa. Alipokuwa kijana picha zake zilitundikwa Antwerpen na watu walisafiri kwenda kuzitazama. Halafu akapata kazi ya ualimu katika chuo cha sanaa cha watu wazima, pale wanakosoma matarishi, wauguzi na wazee waliostaafu. Aliwapenda wanafunzi wake, hilo halina ubishi. Aliwapenda kiasi kwamba kwa miaka sita hakumaliza hata bamba moja lake mwenyewe. Kila alipojaza fomu na kufika mahali palipoandikwa "kazi", kalamu ilisita kidogo hewani, kisha ikaandika: mwalimu. Siku hiyo alirudi nyumbani hana raha.

Wannes alikuwa na miaka arobaini na miwili, duka la baiskeli mtaani kwetu Brugse Poort, vyumba viwili juu ya duka, na mama mmoja mkali aitwaye Odette. Baba alikuwa amewakimbia Wannes akiwa na miaka sita. Wiki ile ile, mama akaketi mezani na albamu ya familia na msumari, akazipitia picha zote, na kila penye sura ya yule bwana akakwaruza msalaba. Hakulia, hakusema neno, na aliyeuliza alipelekwa kulala. Albamu ile ilikaa kabatini miaka yote, na ndani yake baba wa Wannes alikuwa bwana mwenye suti nzuri na msalaba mahali pa uso.

Hilo Wannes hakumwambia Veerle. Mengine yote alimwambia.

Maana walizungumza! Majira ya baridi yote walizungumza. Mashine ile ya kukamulia ilichelewa kupona, na nadhani fundi hakuwa na haraka. Kila jioni simu ililia.

"Haloo, Fundi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Leo amekula vyuma viwili, Mwalimu. Ila bado dhaifu. Itabidi uje kumjulia hali."

"Jana nilikuja."

"Jana ulimwangalia yeye tu. Mimi hukuniangalia."

"Wewe unaumwa?"

"Sana. Naumwa hapa kushoto."

"Hiyo ni pochi yako, mpenzi. Unaiweka mfuko wa kushoto."

Neno "mpenzi" lilimtoka bila kukusudia. Wannes akasema kwa sauti ya chini, "Rudia." Veerle akakata simu. Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni pa duka, koti la manjano linachuruzika, mkononi amebeba mfuko wa peremende za pua, zile za zambarau za hapa Ghent zenye umbo la pua, na akarudia.

Mapenzi yakamfungua mikono. Alianza kumchora Wannes akiwa ameinama juu ya tairi, kisha akamchora mama muuza mkate wa mtaani, kisha akajichora mwenyewe kwenye kioo. Ikafika habari kwa watu wanaoonyesha sanaa katika jumba la zamani la kiwanda cha pamba, wakaja karakana yake iliyoko uani nyuma ya nyumba, wakatazama, wakamwambia: tuletee watu kumi wa mtaa wako, mwezi wa tano. Kila bamba nakala kumi na mbili, basi.

Alitoka uani akikimbia kwa miguu mpaka dukani.

"Kumi, Wannes! Mabamba kumi!"

"Wewe si ulisema umeshasahau kuchora?"

"Nilisema uongo. Nilikuwa naogopa."

"Sasa huogopi?"

"Naogopa zaidi. Nishike." Wannes akamshika, grisi na wino vikakutana, na shati lile halikutakata tena.

Akampa Wannes ufunguo wa karakana. Wannes akawa anaingia na kutoka, analeta kahawa, anatia mafuta mashine ya Veerle ya kuchapia. Aliona mabamba yakichorwa na karatasi zikichapwa. Kitu kimoja tu hakukiona, kwa sababu kila kilipofanyika yeye alikuwa dukani, nacho ndicho kilichowaponza.

Mwishoni mwa mwezi wa nne Mama Odette alitimiza miaka sabini. Aliandaa chakula siku ya Jumamosi, sungura aliyepikwa kwa plamu kavu, na akavaa gauni la kijani lenye kola ya lesi ambalo hutoka kabatini kwa harusi na misiba. Watu sita mezani, na kiti kimoja cha Veerle. Saa moja jioni Wannes akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Karakana. Wannes, mpenzi, nisamehe, karatasi zimeshalowa."

"Zimefanya nini?"

"Nimezilowesha asubuhi. Bamba la mwisho. Nisipochapa leo zitaota ukungu, na karatasi nyingine hii sipati kabla ya maonyesho. Zimebaki tano."

"Mama ana miaka sabini, Veerle. Sungura anapoa."

"Najua. Mpe simu nimpongeze."

"Hapana. Anakiangalia kiti chako."

"Usiniongelee hivyo. Miaka sita sijafanya kitu changu. Sita!"

"Na mimi nasema jioni moja. Moja!"

Simu zikakatwa, na haijulikani aliyetangulia. Veerle alichapa zile tano huku akifuta machozi kwa kiwiko maana vidole vilikuwa vyeusi. Bamba lenyewe la mwisho lilikuwa la nani? La Wannes. Kwa hasira hakumwambia.

Sasa sikilizeni vizuri. Wachapaji wa picha wana desturi yao. Ukiahidi nakala kumi na mbili, ukishachapa ya kumi na mbili unachukua sindano nene na kulikwaruza bamba msalaba, kona hadi kona. Bamba limefungwa. Hata ukija kupata njaa huwezi kuchapa ya kumi na tatu kwa siri. Kwao ni jambo la heshima, na wengine hupiga makofi. Veerle alikuwa amefundisha jambo hilo miaka kumi na mitano, na msalaba ule alikuwa hauoni tena, kama wewe usivyouona mlango wa nyumba yako. Mabamba tisa yalikuwa yameshafungwa na kupakiwa sandukuni. Jumatatu asubuhi akalifunga la kumi, kutoka paji la uso la Wannes mpaka kidevuni, mara mbili. Picha akazipeleka kwa mtu wa fremu, bamba akaliacha mezani, akaenda chuoni kufundisha.

Saa saba mchana Wannes akaingia na ufunguo wake. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mfuko wa kulia ulikuwa na peremende za pua, na wa kushoto ulikuwa na ufunguo mpya, wa vile vyumba viwili juu ya duka. Alikuja kusema samahani, na kusema: njoo tuishi wote. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yote njiani na kwenye taa nyekundu mbili.

Akaona mezani sura yake imekwaruzwa msalaba.

Akautoa ule ufunguo wa karakana kwenye kishada chake cha funguo, akauweka katikati ya bamba, pale mistari miwili inapokutana, akaondoka. Peremende aliwapa watoto wa shule kituoni.

Veerle alirudi saa kumi na moja. Alichokiona yeye ni ufunguo tu.

"Kwa ajili ya sungura!" akasema peke yake, kwa sauti, katika karakana tupu. "Mwanamume mzima ananiacha kwa ajili ya sungura!"

Alipiga simu mara nne siku ile. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu alivaa koti la manjano akaenda mpaka kona ya duka. Akamwona Wannes kupitia kioo cha dirisha, anamrudishia mteja baiskeli na kucheka. Cheko lile lilikuwa la kazini tu, ila Veerle angejuaje? Akageuka. Wannes naye aliinua macho akaona mgongo wa manjano ukitokomea, akajisemea: ona, hata kuingia hataki. Watu wazima hawa, wenye akili zao, wakakaa majuma matatu hivyo.

Nani asingeumia? Veerle alifundisha, akarudi, akala mkate amesimama. Wannes alifunga duka, akaenda nyuma, akaitoa ile mashine ya kukamulia na kuvikaza vyuma vyake, kisha akaipima, akaipaka rangi ya kijani. Hakuwa na haja nayo tena. Mikono tu ilikataa kukaa.

Kisha yakatoka matangazo ya maonyesho.

Mabango yalikuwa yameagizwa mwezi wa tatu, mapenzi yangali motomoto, na picha aliyoichagua Veerle ilikuwa ya Wannes, ule mchoro wa kwanza wa penseli. Bibi Rosa akajitolea kuyabandika. Huyu ni mwanafunzi wa Veerle, miaka sabini na sita, zamani alikuwa kondakta wa tramu na bado ana sauti ile ile. Aliyabandika kwenye duka la mkate, kwa kinyozi, katika vituo vyote vya tramu, na usoni pa duka lililo mkabala na la Wannes. Wannes akafungua mlango asubuhi akajikuta anajitazama mwenyewe, ukubwa wa dirisha, ameinama juu ya tairi.

Simu yake ya kwanza kwa majuma matatu ilikuwa hii:

"Ondoa sura yangu barabarani."

"Ala! Habari za asubuhi, Wannes. Kumbe simu yako ni nzima."

"Sina utani. Kinyozi ananiuliza kama nagombea udiwani."

"Usingepata kura. Hupokei simu za watu."

"Veerle, huwezi kumalizana na mtu halafu ukambandika mji mzima."

"Kumalizana? Mimi? Nani aliacha ufunguo mezani?"

"Nani alinipa sababu ya kuuacha?"

"Sababu? Ile unaita sababu? Nitamwomba mama yako radhi mwenyewe, kwa magoti, lakini wewe..."

"Usimtaje mama. Ondoa picha."

"Siondoi. Ndiyo kazi bora niliyofanya maishani mwangu na siioni aibu. Kama unaitaka ishuke, njoo Jumapili, saa nane mchana, uishushe kwa mkono wako mbele yangu."

"Nitakuja."

"Njoo!"

Na akaenda. Jumapili jua lilikuwa limewaka kama halijawahi kutokea Ghent, na jumba la pamba lilijaa watu. Veerle alivaa gauni jeusi lisilo na mikono na viatu vyekundu ambavyo tangu anunue hajawahi kupata mahali pa kuvivaa. Penseli ilikuwa kichwani kama kawaida. Wannes aliingia na ovaroli ya kazini kwa makusudi, uso umekunjwa, bisibisi mfukoni ya kuondolea fremu ukutani. Mlangoni akakuta Bibi Rosa anagawa vipeperushi.

"Kijana, tiketi!"

"Kuna tiketi?"

"Hakuna. Mazoea tu. Pita, baba, usizibe njia."

Akapita. Picha ya kwanza ukutani ilikuwa ya mama wa mkate, na chini yake, juu ya kijirafu, bamba la shaba lenyewe. Bamba lilikuwa na msalaba. Wannes akapunguza mwendo. Ya pili ilikuwa ya tarishi, na bamba lake lilikuwa na msalaba. Ya tatu ilikuwa ya Bibi Rosa mwenyewe, na makunyanzi yake yote, ameshika filimbi ya ukondakta. Bamba lina msalaba, kona hadi kona. Akarudi mlangoni mbio.

"Bibi, nani amekukwaruza hivi?"

"Mwalimu. Nilikuwepo, nikapiga makofi."

"Ukapiga makofi? Amekufuta uso!"

"Amenifuta nini, we mtoto? Nimefungwa! Nakala kumi na mbili zimetoka, hatoki Rosa mwingine duniani. Darasani ndiyo somo la kwanza hilo. Wewe ulikuwa unashinda kule karakana unafanya nini, kuangalia miguu ya mwalimu?"

Wannes alirudi ndani polepole, akapita ya nne, ya tano, ya sita. Ya tisa ilikuwa ya Veerle, amejichora kwenye kioo, penseli kichwani, macho yamechoka. Na bamba lake alikuwa amelikwaruza msalaba kwa mkono wake mwenyewe, mzito kuliko ya wengine wote.

Ya kumi ilikuwa yeye. Kijirafu cha chini kilikuwa kitupu.

"Haya, shusha," ikasema sauti nyuma yake. Veerle alikuwa amesimama mikono kifuani, kidevu juu. "Umekuja na bisibisi, naiona."

"Bamba langu liko wapi?"

"Mezani, karakana. Ufunguo wako uko juu yake kama ulivyouacha. Sijaugusa. Nimekuwa nafanyia kazi sakafuni majuma matatu."

"Veerle, siku ile sikuja kwa ajili ya sungura. Nilikuja kuomba msamaha. Nikakuta umenichora msalaba usoni."

"Nimekuchora nini?" Alimtazama bila kuelewa. Kisha akageuka akayatazama mabamba yake tisa, moja moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaiona misalaba. Mkono ukaenda mdomoni. "Mungu wangu. Ulidhani..."

"Nyumbani kwetu kuna albamu," akasema Wannes.

Akamsimulia pale pale, watu wakipita na vikombe vyao vya kahawa: msumari, suti nzuri ya baba, mama asiyelia. Ovaroli yake ilikuwa na doa la grisi kifuani na Veerle alilitazama doa hilo muda wote badala ya macho yake.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema mwishoni. "Neno moja, Wannes. Hili nini? Ningekujibu."

"Nilikuwa na miaka sita. Kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuuliza."

"Una miaka arobaini na miwili."

"Siku ile nilikuwa na sita."

Hapo Veerle akalia, na hakufuta kwa kiwiko safari hii kwa sababu vidole vyake vilikuwa safi. Akamshika ndevu kwa mikono miwili. "Kukufunga maana yake nimemaliza kukuchora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora kitu chochote. Nisikilize, mpumbavu wangu. Sikumalizana na wewe. Nilimaliza kazi. Na mama yako nitampikia sungura mwingine, hata kama sijui."

"Hujui kabisa."

"Sijui kabisa."

"Mbele ya watu jamani!" akapaza sauti Bibi Rosa kutoka mlangoni. "Sogeeni nyuma, wapeni nafasi!"

Jumatatu duka la baiskeli hufungwa. Saa mbili asubuhi Veerle alifika kwa baiskeli, bamba limefungwa kwa taulo kapuni. Nyuma ya duka akaikuta mashine ya Sint-Jacobs, kijani kibichi, vyuma viwili vinang'aa, meno yote mahali pake.

"Uliimaliza," akasema.

"Sikuwa na la kufanya. Jaribu."

"Nimelileta hili. Wachapaji wengine huchapa nakala moja ya bamba lenye msalaba, iwe ushahidi kwamba limefungwa kweli. Mimi sijawahi. Ukikataa, nalirudisha."

Wannes alilitazama bamba. Akaupapasa ule mkwaruzo kwa kidole gumba. "Tia wino," akasema.

Akatia wino, akafuta kwa shashi, akalaza karatasi iliyolowa, akaweka blanketi juu. Wannes akashika gurudumu. Lilizunguka bila hata kulalamika. Veerle akaishika karatasi kwa pembe mbili na kuinyanyua taratibu.

Uso wa Wannes ulikuwa pale, ndevu, kofia, macho yaliyoinama. Juu yake mistari miwili myeusi imepita. Wannes aliisogelea karibu sana.

"Baba yangu huwezi kumwona," akasema. "Nilishajaribu mara nyingi, mpaka kwa kioo cha kukuzia. Mimi naonekana."

"Wewe unaonekana."

Akatoa mfukoni ule ufunguo mpya na kuuweka kwenye kiganja cha Veerle. "Huu ndio nilioleta siku ile. Wa huko juu. Kuna chumba kinachotazama kaskazini, mwanga wake mzuri kwa kazi yako. Na meza ya chakula iko karibu, hata karatasi zikishalowa utafika."

Veerle aliufumba mkononi. Kisha akachomoa penseli kichwani, akaandika chini ya picha kushoto: 1/1, yaani nakala moja tu. Kulia akatia sahihi.

"Na mimi natia wapi?" akauliza Wannes.

"Wewe ni picha. Picha haitii sahihi."

"Basi twende mahali ambapo tunatia wote wawili."

"Wapi huko?"

"Ukumbi wa jiji, kuandikisha ndoa. Nimeshaweka miadi jana usiku, kwa mtandao. Saa tatu na robo."

"Wannes! Na kama ningekataa?"

"Ningewauliza habari za kibali cha bango la duka. Utakataa?"

Veerle alimtazama yule mwanamume, mashine, na ile karatasi mbichi iliyobaki mezani. Alicheka huku machozi yakimdondoka. "Sikatai, mpenzi wangu. Wala sitaki kukataa. Ngoja basi ninawe mikono, ona nilivyo, vidole vyote vyeusi."

"Usinawe," akasema Wannes, akamvisha koti lake la manjano. "Karani akikuuliza kazi, muonyeshe."